Mbwa Waliofichwa Chunyu

Jumatatu, 2 Juni 2025

Wametoka! Asubuhi, jua halijapata nguvu, watoto wametoka shimoni. Mimi na Ildefonsi tumelala kifudifudi juu ya mwamba, darubini moja, tunapokezana. Kwanza likatokea sikio — la mviringo, kubwa kuliko kichwa chenyewe. Halafu lingine. Halafu vurugu. Tisa! Wanaanguka, wanakanyagana, wanavutana mikia. Mama yao kasimama pembeni anawaangalia kama mwalimu wa chekechea siku ya Ijumaa.

Nililia. Ildefonsi akajifanya anatafuta kitu mfukoni. Ni askari wa wanyamapori wa kijiji, mtu mzima, mpole, njiani anasali rozari kimyakimya. Bila yeye ningeshapotea pori hili mara nyingi.

Huyu mama nimemfuata tangu akiwa kijana asiye na kundi. Kola iliyo shingoni mwake, inayonitumia alipo, nilimvisha mwenyewe, amelala kwa dawa, kichwa chake kwenye magoti yangu. Kwenye ripoti ana namba. Ildefonsi anamwita Mama Kitenge, kwa sababu ya madoa ya manyoya yake. Mbwa mwitu — watu wakisikia jina wanadhani ni mbwa wa nyumbani aliyetoroka. Siyo. Ni mnyama wa aina yake, na duniani wamebaki wachache kuliko simba. Nao hawa, katika pori lote hili, wamechagua kuzalia kwenye shimo la zamani la muhanga, yule mla mchwa, nyuma tu ya mashamba ya Chunyu. Ukitulia pale mwambani unasikia watu wakipiga ufuta.

Hapo ndipo kitumbua kinapoingia mchanga. Karibu mno na watu.

Nimemsimulia dada Rosa, mwenye nyumba wangu. Kacheka. Watoto tisa, na baba je? Nikamwambia baba yupo, na wajomba, na mashangazi. Kundi zima linawinda, linarudi kuwatapikia watoto nyama. Akasema basi hao wana bahati, yeye alilea peke yake.

Alhamisi, 5 Juni

Siku nzuri, kwa hiyo sina la kuandika. Wameua swala. Watoto wameshiba mpaka wanalala chali.

Jioni Lukasi, mdogo wake Rosa, kaleta boga. Anakaa nyumba ya nyuma, mtu wa utani, mke alimkimbia na utani haukuisha. Kaniita Bibi Nyama tena. Huku bwana nyama ndiye yule askari wa maliasili anayekamata wawindaji. Nimemweleza mara ngapi — mimi ni mtafiti, sikamati mtu, sina hata pingu. Kasema mabwana nyama wote huanza hivyo hivyo.

Jumamosi, 7 Juni

Nachingwea, kufuata tairi na betri za kamera. Wakati wa kurudi, Nambambo, watu wamejaa barabarani. Wameua mbwa. Yuko kwenye vumbi, ulimi nje, mate yamemganda kifuani. Wanasema alitokea porini, habweki, haogopi mtu, anauma kila kilicho mbele yake — watu, mbuzi, mpaka gurudumu la baiskeli. Walioumwa walikuwa wameshapelekwa hospitali kwa pikipiki. Afadhali.

Nimempigia Prisila, afisa mifugo wa kata. Hakushangaa. Kasema chanjo ya mbwa ipo kidogo kwenye friji ya wilaya, ataiomba, tuwahi kuwachanja mbwa wa Chunyu.

Rosa kaniletea ugali na mbaazi, sikuweza. Kichaa cha mbwa kikiingia kwenye kundi la mbwa mwitu hakibakizi. Wanalambana. Wanasalimiana mdomo kwa mdomo. Wanalishana. Kila wanachofanya kwa kupendana ndicho kinachobeba ugonjwa.

Nambambo si mbali. Kwa mbwa si mbali.

Jumatatu, 9 Juni

Nimepanda kichuguu kutafuta netiweki, nimempata Dr. Maximilian, bosi wangu, yuko Morogoro. Nataka ruhusa ya kulichanja kundi, kwa mshale, kwa mbali. Kasema hilo si lake wala si langu; wanyama ni wa serikali, lazima kibali. Niandike ombi, niambatanishe ushahidi. Nikamwuliza ushahidi gani — waugue kwanza? Kasema, Agatha, wewe andika.

Si mtu mbaya. Alinijibu kama mtu ambaye naye aliwahi kuuliza hivyo akajibiwa hivyo.

Nimeandika. Nimetuma. Bando lilikaribia kukata, ila limekwenda.

Jumapili, 15 Juni

Siku ya chanjo. Ilitangazwa kanisani, ikatangazwa msikitini, mwenyekiti wa kijiji akapita na kipaza sauti. Tumekaa nje ya kigango baada ya ibada, mimi, Prisila, Ildefonsi, meza na sanduku la barafu. Ildefonsi alitangulia kuleta mbwa wake, Polisi, mzee asiye na meno. Akaja mwalimu na mbwa wawili. Mama mmoja na kijibwa amekibeba kwenye kanga kama mtoto. Basi. Tukakaa. Barafu ikayeyuka.

Nikasema ni mpira — leo fainali ya kombe la mbuzi, kijiji kizima kiko uwanjani. Prisila naye akasema ni mpira.

Ildefonsi alikuwa anachora chini kwa kijiti. Mwishowe akasema si mpira. Mbwa wapo, wengi. Wamefungwa mashambani, kwenye vibanda, wengine wamevushwa jana kwenda vijiji vya pili. Ni mbwa wa kuwindia. Mwenye mbwa wa kuwindia hamleti mezani kwa mtu wa wanyamapori akaandikwe jina.

Nikasema, lakini Prisila ni wa mifugo.

"Prisila hawamwogopi," akasema. "Wanakuogopa wewe, dada."

Nikaondoka mezani, nikaenda kukaa kwenye gari ili nisionekane. Hakuja mtu.

Jioni nilimwuliza Lukasi kwa utani kama na yeye ana mbwa. Kacheka sana. Mbwa wa nini, kujilisha mwenyewe kunamshinda.

Jumamosi, 21 Juni

Prisila kapita peke yake nyumba kwa nyumba, kwa baiskeli, bila mimi. Kapata wachache zaidi. Mashambani hakufika, hakuoneshwa njia. Ombi la kibali: linashughulikiwa.

Watoto wamejifunza kukimbiza vipepeo.

Jumanne, 24 Juni

Dume mmoja, mwenye sikio lililochanika, karudi kutoka mawindoni akiwa nyuma ya wenzake. Mbwa mwitu hakai nyuma. Alisimama mbali na shimo, kichwa chini, kama mtu aliyesahau alichofuata. Watoto walimkimbilia kuomba. Akawaangalia tu. Halafu akamng'ata mmoja wao — si kucheza. Mtoto akalia, mama akaruka katikati.

Ildefonsi akashusha darubini.

Jumatano, 25 Juni

Sikio-lililochanika amekufa chini ya mninga, karibu na maji. Nimevaa glovu, barakoa, buti. Kichwa kimekwenda na Prisila mpaka wilayani, kutoka hapo kwenda maabara, kwenye barafu tuliyoombaomba kwa muuza soda. Niliyekuwa nikimkata nilimjua akiwa mdogo.

Nimempigia bosi. Nimemwambia ushahidi upo sasa.

Ijumaa, 27 Juni

Wawili zaidi. Mmoja anatembea kama mlevi. Mwingine haonekani.

Jumapili, 29 Juni

Sikwenda kanisani. Kule mwambani nimemwona Mama Kitenge anakunywa maji — yaani anajaribu. Anaweka mdomo, maji yanatoka kama yalivyoingia. Anajaribu tena. Anajaribu tena. Ildefonsi kaondoka kwenda kusimama nyuma ya mti.

Nina bunduki ya dawa ya usingizi ndani ya gari. Nina digrii mbili. Nina kijitabu cha miongozo kinachosema mtafiti asiingilie.

Jumanne, 1 Julai

Kola yake imetuma ujumbe kwenye simu: mnyama hajasogea. Tulimkuta karibu na shimo. Alikuwa anarudi kwa watoto, au alikuwa anaondoka asiwafikie, siwezi kujua. Nimefungua kola kwa mikono ya glovu. Imenichukua muda.

Watoto walikuwa wanatuangalia mlangoni pa shimo. Walidhani tumeleta kitu.

Alhamisi, 3 Julai

Kundi la wakubwa limebaki na dume mmoja kijana. Jana aliwinda peke yake, akapata sungura, akawatapikia wale tisa. Kila mmoja labda tonge. Leo hajarudi.

Ildefonsi kaniuliza kama tunaweza kuwatupia nyama. Mbuzi mmoja tu, atatoa yeye, wa kwake. Nimempigia bosi. Kasema hapana, na safari hii kaeleza kwa upole: mmoja wao ameshang'atwa, na wote wamelambwa na wagonjwa. Ukiwalisha wakapona njaa, watatoka shimoni na kichaa waende wapi? Chunyu. Kwa watoto wa watu. Nikubali kwamba yuko sahihi. Nimemchukia mchana kutwa kwa sababu yuko sahihi.

Nimemweleza Ildefonsi. Akasema, basi tunafanya nini hapa kila siku?

Nikamwambia tunarekodi.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Ofisi zote zimefungwa. Majibu ya maabara yalikuja tangu Ijumaa: ni kichaa chenyewe.

Watoto wanne leo. Hawakimbizi kitu. Wakisikia mchakacho wa majani wanainuka wote kwa pamoja, masikio juu. Ni upepo. Wanakaa tena.

Chunyu watu wanapuliza salfa kwenye mikorosho, harufu inafika mpaka mwambani. Maisha ya watu yanaendelea, na ndivyo inavyotakiwa. Lukasi hakwenda kupuliza. Rosa anasema ana malaria, kanunua dawa dukani.

Jumatano, 9 Julai

Kibali kimekuja. Kina mhuri, kina saini. Kinaniruhusu kuchanja kundi la mbwa mwitu wa Chunyu.

Shimoni hakutoka mtu. Nimeandika "mtu". Naliacha hivyo hivyo.

Ijumaa, 11 Julai

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi nilikuwa nafungasha kamera. Rosa akasimama mlangoni kwangu, hakuingia. Kasema malaria ya Lukasi haieleweki. Mkono wake wa kulia unamwasha mpaka anaukuna kwa gunzi. Halali. Na tangu jana hataki maji. Anaomba maji, akiletewa anayasukuma, anatetemeka. Majirani wanasema karogwa. Rosa anajua si hivyo, au hataki iwe hivyo. Akaniangalia.

"Wewe si ndiye unayewajua mbwa?"

Sikumwuliza kwa nini kasema mbwa. Nilivuka ua kwenda nyumba ya nyuma.

Lukasi alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, dirisha kaziba kwa shuka maana upepo unamwumiza kooni. Nilipoingia na hewa ikaingia nami, shingo yake yote ikakaza. Halafu ikapita, akawa Lukasi, akatabasamu. Akasema, Bibi Nyama, umekuja kunikamata?

Nikamwambia anioneshe mkono. Kovu lipo, kati ya kidole gumba na cha shahada. Limepona vizuri kabisa. Kovu dogo — ungedhani ni la kisu cha jikoni.

Alinisimulia kwa vipande, akipumzika. Alikuwa na mbwa watatu, porini, kwenye kibanda. Mwezi wa tano alikwenda kuwinda. Mbwa wake mmoja alikuwa hayuko sawa tangu asubuhi, mkali mkali, ila mbwa ni mbwa. Wakaangusha funo, yule paa mwekundu. Mbwa mwitu wakatokea kudai nyama, na yule mmoja badala ya kukimbia akawavamia. Wakang'atana, vumbi tupu. Lukasi akaingia kumvuta mbwa wake. Ni mbwa wake ndiye aliyemng'ata. Kesho yake mbwa huyo kakata kamba, hakumwona tena.

Kwa hiyo ndivyo kilivyofika. Nilikuwa nikikitafuta Nambambo, kumbe kilipita mlango wa nyuma wa nyumba ninayolala.

Nikamwuliza kwa nini hakwenda hospitali. Wakati ule ingetosha sindano tu.

"Hospitali wangeuliza umeng'atwa wapi. Na hapa kwa dada yangu unalala wewe. Ningekuja kwako ungeniuliza nilikuwa porini nafanya nini."

"Nisingeuliza, Lukasi."

"Ungeuliza."

Mwezi wa tano — labda ningeuliza.

Jumamosi, 12 Julai

Tumemleta hospitali ya wilaya, Ruangwa, kwa gari la mradi, vioo vyote juu, tumeoga jasho. Rosa nyuma kamkumbatia. Njiani kwenye daraja aliona maji yanang'aa chini, akapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu wala mnyama. Ildefonsi alikuwa anaendesha. Hakugeuka. Midomo yake ilikuwa kwenye rozari.

Daktari ni kijana, ana macho ya mtu aliyekesha. Kaniita nje. Nikamwambia najua. Akasema basi unajua kwamba dalili zikishaanza hakuna dawa, hapa wala Muhimbili wala Ulaya. Watampa ya kumtuliza. Kila aliyeguswa na mate yake achomwe chanjo leo. Rosa amechomwa, Ildefonsi amechomwa.

Mimi nesi alinipita. Nilishamwambia nimekwisha kuchanjwa, mradi ulinichanja kabla sijaanza kazi.

Rosa alisikia. Tulikuwa tumekaa kwenye benchi la nje, ameshika kipande cha pamba begani. Akaniuliza nilichomwa lini. Nikamwambia, kabla sijaja Chunyu. Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayehakikisha kitu alichokuwa anakijua. Sikusikia lawama. Ningependa ningesikia.

Baadaye akaniuliza kama mdogo wake atapona. Nimezoea kusema hivi mbele ya watu wenye makoti meupe, kwa takwimu. Nimemwambia hapana, dada. Akasema asante. Akainuka akaenda kumfunika.

Jumapili, 13 Julai

Amekuwa akiongea Kimwera usiku mzima, Rosa anasema. Mimi ni wa Masasi, Kimwera nakisikia nusunusu. Anamwita marehemu mama yao, anagombana na mtu juu ya kamba.

Mchana akatulia kabisa. Hutokea hivyo, daktari kaonya tusijidanganye. Akaniita kwa jina langu — Agatha — mara ya kwanza tangu nimjue. Nikasogea. Akasema hakuwa peke yake siku ile.

Alikuwa na Tomasi, rafiki yake, wa Chunyu hapo hapo, wa upande wa mashine ya kusaga. Mbwa alipomwachia Lukasi alimrukia Tomasi, akamng'ata mguu, chini ya goti. Wakafunga kwa shati. Wakaapishana wasiseme. Tomasi baada ya kuvuna ufuta wake alikwenda Namungo kwenye machimbo ya dhahabu, yuko huko mpaka sasa, mzima. Juzi tu waliongea kwa simu, akamtania Lukasi kwa kuugua malaria wakati wa salfa.

Mzima! Nilikimbia, nilikimbia kweli kwenye korido, nesi akanikemea. Daktari akanihoji: mguuni? dalili hana? Akasema mguu uko mbali na kichwa, huyo ana nafasi. Aje kesho asubuhi, si keshokutwa. Akaniahidi chanjo yake itakuwa imewekwa pembeni.

Nimempigia Tomasi kwa simu ya Lukasi. Akapokea kwa kicheko, akidhani ni rafiki yake. Nikasema mimi ni Agatha, ninayekaa kwa Rosa. Kicheko kikakatika. Nikaeleza upesi upesi, labda upesi mno — mbwa, funo, Lukasi amelazwa, njoo hospitali. Nilipotaja funo nikajua nimekosea. Simu ikakatwa. Nimepiga tena, haipatikani. Nimetuma meseji. Rosa naye kapiga. Haipatikani.

Jumatatu, 14 Julai

Namungo. Naandika nimekaa juu ya kiroba cha mchanga.

Gari la mradi lina picha ya mnyama ubavuni, tumeliacha Ruangwa, tumekuja kwa bodaboda. Nimevua koti la kazi. Nimejitanda kanga ya Rosa. Ildefonsi kavaa shati la Jumapili. Tulikuwa kama watu wanaokwenda msibani.

Mashimo hapa ni mengi, wao wanayaita maduara, kila moja lina turubai, winchi ya miti, na watu weupe kwa vumbi. Mashine za karasha zinasaga mawe, inabidi upige kelele usikike. Tumeuliza la kwanza: Tomasi wa Chunyu? Hapana. La pili: hapana. La tatu, wakaulizana kwa macho kwanza, ndipo wakasema hapana.

Kwa mama ntilie mmoja tukapata. Kasema alikuwa hapa asubuhi, anakunywa chai. Wakaja watu wakamwambia kuna bibi nyama kutoka Chunyu anamtafuta, ana askari. Akaacha chapati kwenye sahani. Akatuonesha sahani.

Nikamwuliza anachechemea? Kasema hapana, mzima kabisa, tena jana katika mpira alifunga goli.

Msimamizi wa duara analochimba Tomasi ni mzee mwenye kofia ya njano. Nimemweleza yote, wazi, mbele ya watu. Kwamba hana kesi. Kwamba ng'ato ile itamwua, kwamba rafiki yake anakufa nayo sasa hivi Ruangwa, kwamba dawa ipo, imewekwa, inamsubiri. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Akaniuliza mimi ni daktari? Nikasema hapana. Ndugu yake? Hapana. Ni nani basi, mama?

Ningeweza kudanganya. Ildefonsi aliniangalia nidanganye. Lakini nyuma ya mzee alikuwa amesimama kijana wa Chunyu, namjua, ananijua, ameshaanza kutabasamu.

Nikasema mimi ni mtafiti wa wanyamapori.

Mzee akavua kofia, akaifuta vumbi, akaivaa. Akasema Tomasi hayupo, amekwenda Lindi.

Watu wakarudi kazini. Ila winchi ya duara lile haikurudi kufanya kazi. Kamba imening'inia, haijavutwa na mtu. Nikasogea mpaka ukingoni, hakuna aliyenizuia. Nikapiga magoti. Shimo linakwenda chini, halafu linakata kona. Hewa ya huko ni ya moto. Chini kabisa, kwenye kona, taa ya kichwani ilikuwa inawaka, inamulika ukuta, haitikisiki.

Nikaita. Nikasema, Tomasi, mimi sikamati mtu. Nikasema, Tomasi, ni sindano tu. Nikasema, Lukasi ndiye aliyenituma, Lukasi anakuomba.

Taa ikazimwa.

Ildefonsi kapanda kule kwenye lundo la mawe kutafuta netiweki ampigie Rosa aje, labda sauti yake Tomasi ataisikia. Bado hajarudi. Rosa naye yuko kitandani kwa Lukasi, sijui nitamwambiaje amwache. Mimi nimekaa hapa hapa. Nikiondoka hakuna wa kumwambia. Nikikaa, hatoki.

Sijui niite tena au ninyamaze.